Sarara si steki, na kupalia ndiko kubreizi

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa mapishi hukatwa kwa mkasi na kubandikwa ukutani jikoni, kwa hiyo kosa lililomo halitupwi pamoja na gazeti la jana. Naandika kuhusu kosa moja linalojirudia magazetini, lenu likiwemo: majina ya Kifaransa ya vipande vya nyama na namna za kupika yanatiwa kwenye maelekezo kama urembo. Utakuta "filet mignon" inachemshwa saa nzima, "chateaubriand" imekatwakatwa kama mishkaki, na nyama inaitwa ya "kubreizi", yaani ya kupikwa polepole kwa maji machache chini ya mfuniko, ilhali imezama kwenye maji mpaka juu. Anayefuata maelekezo hayo huharibu nyama ya bei kubwa, kisha akajilaumu mwenyewe.

Majina hayo yalipangwa kwa utaratibu na wapishi wa Ufaransa, hasa Antonin Carême (1784–1833) na baadaye Auguste Escoffier (1846–1935), na vyuo vya hoteli vya kwetu vinayafundisha mpaka leo. Kila jina ni agizo lililofupishwa. Linamwambia mpishi kipande kimetoka wapi mwilini, kimekatwa kwa unene gani na, mara nyingi, kinataka moto wa namna gani. Ukilibadilisha jina bila kuijua nyama, umebadilisha agizo.

Tuanze buchani, maana ndiko mkanganyiko unakozaliwa. Katika bucha la Tanzania "steki" ni mnofu usio na mfupa, kinyume cha mchanganyiko. Ukisema "nipe steki kilo moja" utapimiwa mnofu wa paja, wa mkono au wa popote pasipo mfupa. Menyu ya hoteli ikisema steki, inakusudia kipande bapa kilichokatwa kukingamisha nyuzi za nyama, kutoka sehemu laini, cha kupikwa dakika chache kwenye moto mkali. Sasa gazeti likiandika "chukua steki nne, kaanga dakika tatu kila upande", msomaji wa Mbagala atarudi na mnofu wa paja, ataukaanga dakika tatu, na meno yatamshinda. Mwenye bucha hana kosa, amempa alichoomba.

Kinachotakiwa hapo ni sarara, ambayo wengine huitamka salala. Huo ni msuli uliolala kwa ndani, chini ya uti wa mgongo, kuanzia nyongani kuelekea ubavu wa mwisho. Mnyama hautumii kubebea uzito na hauchoshi kwa kutembea, ndiyo maana nyuzi zake ni laini na karibu hauna kano. Wafaransa huuita "filet". Upande wa pili wa mfupa uleule, juu, upo msuli mwingine wanaouita "faux-filet", yaani fileti ya uongo. Nao ni mtamu, pengine una ladha kuliko sarara yenyewe kwa sababu una shahamu, ila si laini kiasi hicho. Kwa kuwa wapo wanaoiita nayo sarara, mnunuzi asiridhike na jina. Aulize upande: ndani ya mfupa, au nje?

Sarara nzima ina umbo la rungu: kichwa kinene upande wa nyonga, kiini kilicholingana katikati, na mkia mwembamba. Pembeni yake umeambatana msuli mrefu mwembamba kama kamba, ambao hung'oka kwa vidole. Huo usiukaange, una utando mwingi. Usage au uutie kwenye supu. Baada ya hapo kuna utando mweupe unaong'aa kama fedha juu ya msuli mkuu. Huu ndio unaowaumbua wengi. Haulainiki hata ukipikwa saa nne, na ukipata moto hujikunja, ukavuta nyama ikapinda kama bakuli, katikati isiguse kikaango. Kingo zitaungua huku kiini kikibaki cha kijivu. Namna ya kuutoa ni kupenyeza ncha ya kisu chini yake, kushika ukingo kwa kitambaa kikavu usiteleze, kisha kusukuma kisu mbele huku makali yakielekea juu, kwenye utando, wala si chini kwenye nyama. Makali yakielekea chini unatupa nusu ya pesa yako na takataka.

Ikishasafishwa ndipo inagawanywa, na hapa majina yanapata maana. Kiini hutoa "chateaubriand", shatobriani kwa ulimi wetu, kipande kimoja kinene cha gramu 400 hadi 500 kinacholiwa na watu wawili. Jina hilo huhusishwa na François-René de Chateaubriand, mwandishi na mwanadiplomasia aliyefariki mwaka 1848. Kando ya kiini hukatwa vipande vya kawaida vya gramu 150 hadi 200. Sarara inapoanza kupungua hukatwa "tournedos", tunedo, ya gramu 100 hadi 120 na unene wa sentimita 3 hivi, ambayo hufungwa uzi kiunoni ili ibaki mviringo. Mkia ndio unaotoa vipande vidogo. Kichwa, kwa kuwa nyuzi zake hukutana kutoka pande mbili, hakitoi vipande vya sura nzuri, lakini kwa mishkaki hakuna sehemu bora kuliko hiyo. Sarara ya ng'ombe wetu wa zebu ni ndogo kuliko ya ng'ombe wa Ulaya. Kwa hiyo maelekezo yanayotaka shatobriani nne kutoka kwenye sarara moja yamenakiliwa kutoka mahali pengine, na aliyenakili hakuishika nyama hiyo.

Jina la "filet mignon" lina hatari ya peke yake. Marekani ni kipande kidogo cha sarara ya ng'ombe. Ufaransa kwenyewe, ukiingia bucha na kusema "filet mignon" bila neno jingine, kwa kawaida utapewa sarara ya nguruwe. Gazeti linalosomwa na Waislamu wengi namna hii, wakiwemo wanaosafiri na kuishi huko, halina budi kulieleza jambo hili. Kwa ng'ombe wamwambie muuzaji "filet de bœuf", na kwenye menyu watafute neno "bœuf".

Sasa moto. Tunedo itolewe kwenye friji nusu saa kabla, ikaushwe kwa kitambaa mpaka isiache unyevu kidoleni, itiwe chumvi. Kikaango kiwe kizito, mafuta kijiko kimoja, moto mkali. Kwa unene wa sentimita 3, dakika mbili na nusu hadi tatu kila upande hutoa nyama ya waridi ndani. Kisha ipumzike dakika tano kwenye sahani yenye joto. Shatobriani ni nene mno kwa kikaango peke yake: ibadilishwe rangi pande zote, halafu iingie kwenye oveni ya nyuzi joto 200 (Selsiasi) kwa dakika 10 hadi 15, itolewe kipimajoto kikisoma 50 au 52 katikati, ipumzike dakika 10, ndipo ikatwe vipande vya sentimita moja kwa mshazari. Itaendelea kupanda nyuzi kadhaa ikiwa mezani. Asiye na kipimajoto hukisia, na kwa kipande cha unene huo kukisia ni bahati nasibu.

Wafaransa wana madaraja manne ya kuiva: "bleu", moto juu juu tu, ndani chini ya nyuzi 50, "saignant", 50 hadi 54, "à point", 55 hadi 60, na "bien cuit", karibu 70. Wengi wetu tunataka iive kabisa, na hilo si la kuonea aibu. Basi wanaotaka hivyo tusiwauzie shatobriani. Nyama ikifika nyuzi 70 nyuzi zake hujikamua maji, na sarara haina shahamu wala kano za kuyeyuka zikalainisha ukavu huo. Kipande kinene kilichoiva kabisa huwa kama pamba. Anayetaka sarara iliyoiva aikate vipande vyembamba vya nusu sentimita, akingamishe nyuzi, aikaange kwa mafungu madogo dakika moja tu, aitoe, atengeneze rojo lake pembeni, kisha airudishe wakati wa kupakua. Akitia nusu kilo yote kwa mara moja kikaango hupoa, nyama hutoa maji, na badala ya kukaangika inatokota.

Pamoja na hayo, ifutwe ile sentensi inayoandikwa kila mara, kwamba moto mkali "huziba vinyweleo vya nyama ili maji yasitoke". Dhana hiyo ilienezwa katika karne ya 19 na mkemia Mjerumani Justus von Liebig, na si kweli. Mlio unaousikia kikaangoni ni maji yanayotoka. Faida ya moto mkali ni rangi na ladha, mabadiliko ambayo Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mwaka 1912. Hushika kasi joto likifika karibu nyuzi 140, na uso wenye maji hauvuki 100 mpaka ukauke. Ndiyo sababu ya kile kitambaa kikavu.

Jambo jingine ambalo maelekezo ya Ulaya hayalitaji, kwa sababu kwao halipo, ni upya wa nyama. Huko ng'ombe huning'inizwa kwenye baridi siku kumi au zaidi kabla ya kukatwa. Kwetu huchinjwa usiku na kuuzwa asubuhi, misuli bado imekakamaa. Hata sarara itakuwa ngumu siku hiyo. Isiingie kwenye friza ikiwa na joto la mnyama, maana misuli hujikunyata, na barafu ikiyeyuka hujikunyata tena. Ikae kwenye friji ya kawaida, juu ya waya wenye sahani chini, siku tatu hivi, ndipo ipikwe au igandishwe. Na papai bichi lisitumike hapa. Kijiko kimoja cha papai lililokunwa kwa kilo ya mnofu wa paja, kwa nusu saa, kinasaidia. Likipakwa kwenye sarara nyama hugeuka uji kwa juu, tena maji yake huzidi kufanya kazi nyama inapoanza kupata moto, kwa hiyo unayoiona sawa kwenye bakuli inaharibikia jikoni.

Kwa kuwa sarara haina shahamu, wapishi wa zamani waliivalisha. Hapa magazeti huchanganya maneno mawili. "Barder" ni kuizungushia nyama karatasi nyembamba ya shahamu na kuifunga kwa uzi. "Larder" ni kupitisha vijiti vya shahamu ndani ya nyama kwa sindano nene, vikifuata nyuzi. La kwanza hulinda uso, la pili hulisha kiini. Vitabu vya Kifaransa hutaja mafuta ya nguruwe. Asiyetumia achukue ule utando wa shahamu wenye matundu kama wavu unaofunika tumbo la mbuzi au kondoo, auroweke kwenye maji ya vuguvugu utanuke, na kuuzungusha mara moja tu. Ukizungushwa mara mbili, wa ndani hauyeyuki. Nundu, kwa upande wake, haina haja ya lolote kati ya hayo, imejaa shahamu kila tabaka. Kifaransa cha jikoni hakina jina lake maarufu kwa sababu ng'ombe wao, Charolais na Limousin, hawana nundu. Tusiitafutie jina Paris.

Nimefika kwenye "kubreizi", na hapa ndipo ninapowalaumu waandishi kwa dhati, kwa sababu neno letu tunalo. "Braiser" limetokana na "braise", makaa ya moto. Chungu chake cha zamani kilikuwa na mfuniko wenye kingo, na makaa yaliwekwa juu ya mfuniko ili joto litoke juu na chini. Mpishi yeyote wa pwani aliyekausha wali anaijua kazi hiyo: ni kupalia. Mwandishi akiandika "palia", msomaji ataelewa mara moja kwamba mfuniko hufungwa, moto wa chini hupunguzwa, na maji ni machache. Akiandika "breizi", msomaji hujaza maji.

Kipande chake ni kidari, si sarara. Kidari kimebeba uzito wa mnyama maisha yake yote, kimejaa tishu ngumu ambazo kwa joto la pole na muda hugeuka kuwa utelezi mtamu. Kwa kilo moja na nusu ya kidari, kipande kizima, kikaushe, kitie rangi pande zote kwa moto mkali, dakika 12 hivi, ukitoe. Katika mafuta yaleyale weka kitunguu gramu 200, karoti 100 na seleri 100, vyote vimekatwa vipande vya sentimita 2. Mchanganyiko huo wa mbili kwa moja kwa moja ndio "mirepoix", mirepwa, uliopewa jina la jemadari Mfaransa wa karne ya 18 wa ukoo wa Lévis-Mirepoix. Vikishalainika, tia kikombe cha maji na ukwangue vilivyoganda chini ya sufuria, kitendo kinachoitwa "déglacer". Kama vimeganda vyeusi usikwangue, badilisha sufuria, uchungu wake hautoki. Rudisha nyama, ongeza supu mpaka ifike theluthi moja ya kimo cha nyama, wala isizidi nusu. Funika kwa mfuniko unaokaza. Oveni nyuzi 150 kwa saa tatu, au makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, yakiongezwa kila yanapofifia. Geuza nyama kila saa. Mchuzi uwe unatikisika tu. Ukitokota kwa nguvu, nyuzi hukaza kabla tishu hazijayeyuka, nawe utapata nyama inayochambuka huku ni kavu. Imeiva pale uma unapoingia na kuzunguka bila kugoma. Ikigoma, haijaiva, hata kama saa tatu zimeisha.

Mboga nazo. "Julienne", julieni, ni vijiti vya urefu wa sentimita 4 hadi 5 na unene wa milimita 2. Ukikata vijiti hivyo kwa upana unapata "brunoise", chembe za milimita 2. Kata kwanza ubavu mmoja wa karoti upate sehemu bapa ya kusimamia, la sivyo itabingirika na kisu kitakufuata kidoleni. Vipande vilingane kwa sababu viive pamoja. Urembo ni nyongeza. "Chiffonade" msiihangaikie kuieleza kwa aya nzima: ni majani yaliyoviringwa pamoja na kukatwa nyuzi nyembamba, kama ikatwavyo sukuma wiki.

"Blanchir" ndilo neno gumu kuliko yote, maana lina kazi tatu zinazopingana. Mboga za kijani huingia kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, dakika moja au mbili, kisha kwenye maji ya barafu. Mifupa ya supu huanza kwenye maji baridi, ichemke taratibu, maji yamwagwe na uchafu wake. Ukiianzishia maji ya moto, uchafu huganda ndani na supu haing'ai. Chipsi huingia kwenye mafuta ya nyuzi 150 au 160 mpaka zilainike bila rangi, zitolewe, zirudi baadaye kwenye nyuzi 180 hadi 190. Wauza chipsi wa mitaani wanaokaanga mara mbili hufanya hiyo ya tatu kila jioni. Mwandishi akisema "blanchi" bila kusema kwenye nini, hajasema kitu.

Samaki na kuku nitapita haraka. Nguru aliyekatwa mkato wa mviringo, mfupa katikati, si fileti. Kwa Kifaransa ni "darne", na unene mzuri ni sentimita 2 hadi 2 na nusu. Akiwa mwembamba zaidi hukauka kabla ngozi haijakolea. Fileti ni ubavu uliotolewa kwenye mfupa, basi isichapwe picha ya mfupa juu ya neno hilo. "Suprême" ni kidari cha kuku kilichobaki na mfupa wa kwanza wa bawa, bila ngozi. Kinataka kuku wa kisasa. Kidari cha kuku wa kienyeji ni chembamba na kigumu, huyo mpalie.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Kila mnapochapisha jina la kipande, andikeni pembeni mahali kinapotoka kwa jina linaloeleweka buchani, unene kwa sentimita, na uzito kwa kila mlaji. Mfano: "Tunedo: sarara iliyosafishwa, upande unaopungua, sentimita 3, gramu 120." Haizidi mstari mmoja.

Wasalaam,
Mwalimu wa mapishi, Tanga

N.B. Mkiandika tena kuhusu kuku wa kuoka, waelezeni wasomaji wamgeuze kifudifudi kabla ya kutupa mifupa. Mgongoni, juu kidogo ya maungio ya paja, kuna vishimo viwili, na katika kila kishimo mnofu wa ukubwa wa kidole gumba, mweusi kidogo na laini kuliko nyama yote ya kuku huyo. Wafaransa huuita "sot-l'y-laisse", yaani mjinga huuacha.